Gari Jipya la Shamba: Lianze na Matairi

Mwenye gari jipya la kuendea shamba kisiwani Unguja hutamani kwanza injini kubwa zaidi. Heri aanze na matairi imara, pampu na kipimo cha upepo. Gari la kilo 2,000, uzito ukigawanyika sawa, hukandamiza kila gurudumu kwa nyutoni 5,000 hivi. Kanieneo ya upepo ikiwa paskali 200,000, tairi hugusa mchanga kwa takriban sentimita mraba 250. Ikipunguzwa nusu, eneo huwa 500, na gari halididimii upesi. Lakini katika maweni ya Makunduchi tairi legevu huchanwa ubavuni, hivyo lijazwe tena. Chumvi nayo hula chuma: chini ya gari paoshwe kwa maji matamu, si ya kisima cha pwani.