SOMO: MFEREJI UNAOVUJA HAUTAKI NGUVU

Ndugu wanakikundi, mfereji wa kioski ukianza kuvuja, wengi wetu huukaza kwa nguvu. Leo wanyamaza, kesho wavuja zaidi. Kwa nini? Ndani yake mna kipande kidogo cha raba kiitwacho washa, ambacho huziba tundu la maji. Mchanga na kukazwa kila siku hukila. Kikishalika, nguvu haisaidii. Yaharibu tu kiti cha chuma ambacho washa hukalia.

Hasara ni kiasi gani? Hebu pimeni wenyewe. Wekeni mtungi wa lita 20 chini ya mfereji. Ukijaa kwa saa moja, basi kwa siku ni mitungi 24, na kwa siku 30 ni lita 14,400. Mita yahesabu, na kikundi ndicho kitakacholipa. Bili ikishinda mfuko, maji hukatwa, na akina mama wa Jilore warudi mtoni Sabaki, kwenye tope na mamba.

Fanyeni hivi:

1. Fungeni valvu iliyo baada ya mita. Iliyo kabla ya mita ni ya kampuni ya maji, msiiguse.

2. Fungueni mfereji, maji yaliyobaki yatoke. Uacheni wazi.

3. Shikeni mwili wa mfereji kwa spana moja, na kwa nyingine fungueni kichwa chake. Bila spana ya kwanza, bomba lote laweza kuzunguka na kuvunjika.

4. Toeni washa iliyolika, mwende nayo dukani mkapate inayolingana nayo. Mpira wa baiskeli ni laini mno, haudumu.

5. Pitisheni kidole juu ya kiti. Kikiwa na mikwaruzo mikubwa, washa mpya haitafaa. Badilisheni mfereji mzima.

6. Rudisheni kichwa, kisha fungueni valvu polepole. Maji ya kwanza yamwageni, maana hubeba uchafu.

Baada ya hapo, fundisheni kila mtu, hata watoto: maji yakikoma, acha kukaza.

Maswali ya kujadili:
- Spana na washa za akiba zatunzwa na nani?
- Mfereji ukivuja leo, nani aambiwe kwanza?
- Je, kila mwezi twatenga pesa za matengenezo, au twangoja mpaka maji yakatwe?