Methali hushauri bila kuamuru

Tuangalie sarufi ya methali tatu. «Haba na haba hujaza kibaba» ina hu- ya mazoea: haituamuru kuweka akiba, inaeleza jinsi mambo yanavyokwenda siku zote. «Usipoziba ufa utajenga ukuta» ina -sipo-: inaonyesha gharama ya uzembe, na uamuzi unabaki kwa msikilizaji. «Asiyesikia la mkuu huvunjika guu» ina kirejeshi -ye-: hatajwi mtu, basi haaibishwi mtu. Ndiyo maana hata mdogo anaweza kumkumbusha mkubwa kwa methali.

Lakini hapa Lubumbashi kuna kikwazo. Katika mazungumzo ya kila siku, mazoea hatuyaonyeshi kwa hu- bali kwa -ak-: «banasemaka», si «husema». Kibaba nacho, yaani robo ya pishi, hakipo sokoni. Unga tunaupima kwa meka. Mtoto asiyeelewa kitenzi wala kipimo atakariri methali, na shauri litampita.

Kwa hiyo mwalimu asianze na maana. Aulize kwanza: nyumbani mungesemaje? Akijibiwa «kidogo kidogo inajazaka meka», asisahihishe upesi. Mazoea yamehifadhiwa, na shauri limefika. Hapo ndipo hu- ifundishwe.