Mpeni Mzazi Arobaini Yake, Hata Kambini

Wadogo zangu, leo tumzungumzie mtu tunayemsahau kila maafa yanapotokea: mzazi, yule aliyejifungua juzi tu.

Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufukia nyumba za Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki, na manusura wengi wakahifadhiwa mashuleni. Hebu jiweke pale: kichanga kifuani, mshono bado mbichi, umelala sakafuni darasani na watu usiowajua, choo cha foleni.

Nyumbani mzazi ana arobaini yake. Anakandwa maji ya moto, anapikiwa mtori au uji wa pilipili manga, na bibi anambeba mtoto ili mama alale. Wapo wanaoyaona hayo madoido ya kizamani. Mimi naona ndiyo kinga ya akili ya mzazi tuliyoachiwa, na mafuriko huisomba pamoja na vyombo. Basi wewe dada mtu, wifi, jirani, kazi yako ni kumrudishia humo humo kambini.

Anza na usingizi. Mtoto akishashiba mchukue, mama alale hata saa mbili. Foleni ya maji mpangie wewe. Funga khanga mbili pembeni anyonyeshe bila kukodolewa macho. Akitaka kusimulia yaliyompata, msikilize, asipotaka, usimchimbe. Na tafadhali usimwambie, "Shukuru Mungu, wenzako wamefiwa." Unamtakia mema, najua, lakini umeshamfunga mdomo.

Utasikia pia kwamba hofu imemkausha maziwa. Hofu huyachelewesha kushuka, haiyakaushi. Mtoto anyonye mara kwa mara, mama atulizwe, yatashuka. Makopo ya maziwa ya msaada yasigawiwe ovyo. Kwa maji machafu na chupa isiyochemshwa, kichanga ataharisha, na kuhara huua. Asiyeweza kunyonyeshwa, muuguzi ndiye aamue.

Uogope lini? Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida, kwa wengi huisha ndani ya wiki mbili. Yakipita hapo, au akiwa hataki hata kumtazama mwanawe, mpeleke zahanati au kwa mhudumu wa afya wa kambini. Akisema heri angesombwa na maji, usingoje wiki yoyote: kaa naye, mpeleke siku hiyo hiyo. Yapo mazungumzo ya tiba, na zipo dawa anazoweza kumeza huku ananyonyesha.

Lakini anayekesha hata mtoto akilala, anayesikia sauti, anayedai huyu mtoto si wake, hiyo ni dharura. Asiachwe peke yake na mtoto, na hospitali afike leo. Mtakaosema ni majini, dua someni njiani.

Na nyie wa kamati za maafa, mnapoandikisha kaya, ulizeni nani amejifungua karibuni na nani anakaribia, muwaandike. Kisha darasa moja liwe lao na vichanga vyao, karibu na maji na choo. Hilo halisubiri mfadhili.