Stripu ya Sukari: Angalia Kichupa Kabla ya Kuamini Namba



Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko ya wananchi wa Nduruma. Mtu anapima sukari nyumbani, mashine inatoa namba, na namba hiyo si ya kweli. Mmoja anaacha dawa kwa kuona 6, mwingine anaongeza insulini kwa kuona 15. Kisha inasemwa kwamba mashine zote ni feki, na kwamba maofisa wanataka tu mnunue stripu mpya. Ofisi iliyotoa kijitabu hiki haiuzi stripu. Soma mpaka mwisho.

Mara nyingi mashine haina kosa, kwa kuwa kazi kubwa inafanywa na stripu. Kwenye ncha yake kumepakwa kimeng'enya kinachoishika sukari iliyo kwenye damu na kuinyang'anya elektroni. Elektroni hizo hupita kwenye utepe mwembamba wa kaboni au dhahabu, na mashine inapima umeme huo mdogo: sukari ikiwa nyingi, umeme unakuwa mwingi. Njia hii ilianzia kwa Leland Clark, Mmarekani, mwaka 1962. Adam Heller, profesa wa uhandisi kemikali katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alianzisha na mwanawe mwaka 1996 kampuni ambayo mwaka 2000 ilitoa kipimo kinachotosheka na maikrolita 0.3 za damu. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Watu wengi wanapima leo bila kuogopa maumivu kwa sababu ya wataalamu kama hawa.

Tone likiwa dogo hivyo, uchafu mdogo unatosha kuliharibu. Kwa mtu asiye na kisukari, sukari yote iliyomo humo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya miligramu. Mama ametoka kumenya embe, amejifuta kwa kanga, anajitoboa kidole: utomvu uliobaki kwenye ngozi unaweza kuipandisha namba mara mbili au zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Japani waliwapima watu wasio na kisukari baada ya kumenya matunda. Namba zilipanda hata kidole kilipofutwa kwa spiriti, ila waliponawa kwa maji zikarudi mahali pake. Kwa hiyo NAWA KWA MAJI NA SABUNI, KISHA KAUSHA KABISA. Kidole chenye maji kinaizimua damu na kuishusha namba.

Sasa kichupa, maana hapa ndipo tunapopuuzwa kuliko popote. Kimeng'enya na kemikali zilizo kwenye stripu vinaharibiwa na unyevu na joto, na stripu iliyoharibika haibadiliki rangi wala harufu. Inaingia kwenye mashine vizuri tu na kutoa namba, ila namba yenyewe ni ya uongo. Kichupa kimewekewa dawa ya kunyonya unyevu kwa sababu hiyo, na aina nyingi zinatakiwa zisikae kwenye joto la kupita nyuzi 30. Mchana wa Nduruma, chini ya bati, joto hilo linapitwa kwa urahisi. Usikiweke kichupa dirishani, jikoni karibu na sufuria inayochemka, wala kwenye boksi la bodaboda. Toa stripu moja, funga kifuniko papo hapo, ndipo ujitoboe.

USINUNUE STRIPU ZA KUHESABIWA. Stripu tano zilizofungwa kwenye karatasi au nailoni zimekwisha kukaa nje ya kichupa chao, na hakuna ajuaye kwa muda gani. Tunarudia: hata zikiwa za bei poa, hata muuzaji akiwa jirani yako, usinunue. Nunua kichupa kilichofungwa, kwenye duka la dawa lenye kibali, na uangalie tarehe ya mwisho. Siku unayokifungua, andika tarehe ubavuni kwa kalamu. Aina nyingi hufaa miezi 3 hadi 6 tu tangu kufunguliwa. Ukiitilia shaka bidhaa, wapelekee TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wenye ofisi ya kanda mjini Arusha. Maofisa wetu wamelisema hili kwenye mikutano ya vijiji, makanisani na misikitini, na tunajivunia kazi hiyo. Aliyesikia hana udhuru.

Hata stripu nzima inaruhusiwa kupishana na maabara kwa takriban asilimia 15. Maabara ikisema 10, mashine ikisema 8.5 au 11.5 haijakosea. Kwa hiyo usibadilishe dozi kwa namba moja unayoishangaa. Nawa, pima tena, na zikipishana sana nenda zahanati na kichupa chako mkononi.

Kama gharama ndiyo inayokuzuia kwenda zahanati, jua kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, watoto chini ya miaka 5 na wajawazito wana utaratibu wao wa msamaha wa gharama; muulize mganga mfawidhi, uende na kitambulisho.

Sindano ya kutobolea ni ya mtu mmoja, na haichangiwi hata kati ya mume na mke. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7. Sindano iliyotumika itie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko na uipeleke zahanati. Usiitupe migombani wanakocheza watoto.

Mgonjwa akitetemeka, akitoka jasho na kuchanganyikiwa, usibishane na mashine. Kama anaweza kumeza, mpe maji ya sukari mara moja, ndipo upime. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.