Mwalimu wa sayansi naye ana haja ya mlezi

Mkufunzi wa walimu wa hisabati na fizikia anajibu maswali ya walimu wa Mulago, Kampala.

Nimefundisha hisabati miaka mingi. Hilo halitoshi kuwalea walimu chipukizi?

Halitoshi. Mkongwe huruka hatua bila kujua, kwa mazoea. Mlezi sharti azione upya, tena ajue kunyamaza. Akikaa nyuma ya darasa, asimpe mwalimu alama. Aandike wanayosema wanafunzi. Nani kadai kwamba -3 ni kubwa kuliko -2, na alifikaje hapo? Baada ya kipindi, mazungumzo yaanzie hapo. Anayeanza na "ungefanya hivi" amekwisha kuwa mkaguzi, na mkaguzi huonyeshwa somo lililopambwa.

Hatuna maabara. Mlezi atatufaa nini?

Hapo ndipo anapofaa hasa. Mwaka 2005 Uganda iliamua kuyafanya masomo ya sayansi kuwa ya lazima sekondari ya chini. Mwaka huohuo mpango wa SESEMAT wa kuwanoa walimu wa sayansi na hisabati ukaanza kwa msaada wa Japani, ukifuata nyayo za SMASSE ya Kenya iliyoanza 1998. Msingi wake ni kwamba mwanafunzi atende, vifaa vibuniwe, na mwalimu apange, afundishe, atazame, kisha arekebishe. Kwa mfano, maji ya rozela yakitiwa limau huiva wekundu. Yakitiwa magadi hugeuka rangi kabisa. Jaribio lenyewe ni jepesi. Kinachomshinda mwalimu mpya ni swali la kuwauliza wanafunzi kabla hawajaiona rangi, na hilo hulijaribu na mlezi wake jana yake.

Mkuu wetu anasema muda hakuna.

Ana hoja. Walimu wengi wa sayansi huzunguka shule mbili tatu kutafuta riziki. Nyongeza ya 2022, iliyofikisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada shilingi milioni 4, iliwahusu wa serikali tu. Wa shule binafsi za bondeni haikuwagusa. Kwa hiyo mlezi apunguziwe vipindi, asiombwe kujitolea. Pale kilimani, hospitalini Mulago, daktari mwanafunzi hupita wodini nyuma ya bingwa, wala hakuna anayesema muda unapotea. Mwalimu mpya hukabidhiwa chaki na ratiba, basi.

Aje mara ngapi?

Afadhali mlezi wa jirani anayekuja kila wiki mbili kuliko semina ya siku mbili hotelini. Anzeni muhula wa kwanza. Wa tatu humezwa na mitihani ya taifa ya UNEB.