Dondoo muhimu: Vifaa vya ndani kwenye QEMU
Ukijifunza kompyuta mahali kama Kilembwe kwa laptopu ya zamani na betri ya sola, usiiachie QEMU ijipangie kila kitu. Programu hii ya bure ya kuigiza kompyuta, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, huipa mashine inayoigizwa kadi ya mtandao, kadi ya picha na kisoma CD hata usipoviomba. Andika -nic none, kadi ya mtandao inatoka. Amri ya -nodefaults huondoa vyote hivyo. Ukiitumia, ongeza -device VGA, la sivyo hutaona kitu kwenye skrini. Orodha ya vifaa hupatikana bila intaneti: -device help. Ukibadilisha amri, funga QEMU kabisa ndipo uiwashe tena. Kuwasha upya mfumo uliomo ndani hakutoshi.