Mdogo Wangu, Unaolewa na Betri

Barua yako nimeisoma mara mbili, mdogo wangu wa Buluo, na mara ya pili nimecheka peke yangu mpaka watoto wakaja kuchungulia. Umeweka akiba tangu Krismasi. Unafunga plafo, yaani dari, na madirisha ya aluminiamu kwenye nyumba za watu, umechoka kuburuta waya mrefu wa umeme na kubembeleza jirani wa mwenye nyumba akuchomekee, na sasa unataka foreze ya betri. Mpaka hapo sina neno. Tatizo ni washauri wako. Muuzaji wa sokoni Likasi anaapa kwamba mashine ya volti 20 inaishinda ya volti 18. Kaka yako anasema betri haichajiwi mpaka ife kabisa. Na mama mkwe wako mtarajiwa amesikia kwamba ndani yake mna jiwe la Shinkolobwe, kwa hiyo usilale nayo chumba kimoja.

(Wasomaji wa mbali wanisamehe neno foreze. Sisi tulirithi la Wabelgiji. Nairobi na Dar es Salaam wanasema drili, na maseremala wa zamani wa pwani walikuwa na keke yao ya kuzungusha kwa mkono, ambayo haikuwahi kuishiwa chaji.)

Nianze na mama mkwe, maana ndiye utakayekaa naye miaka mingi kuliko foreze yoyote.

Usimcheke. Shinkolobwe iko hapo jirani na Likasi, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima la mwaka 1945 ilitoka humo. Mwaka 2004 serikali ilipiga marufuku kuchimba pale, na miezi michache baadaye sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuua watu waliokuwa ndani. Mtu aliyekulia huku ana haki ya kulitazama jiwe kwa jicho la pembeni. Lakini kwenye betri ya foreze hamna urani. Mna lithiamu, nikeli, grafiti, shaba, na mara nyingi kobalti. Kwa hiyo mwambie kwa adabu: mama, ni kweli jiwe la kwetu limo, ila ni la ukoo mwingine.

Kobalti hiyo nayo ina hadithi yake. Kati ya kila tani kumi zinazochimbwa duniani, karibu saba au zaidi zinatoka Kongo, yaani ardhi hii hii ya Katanga ya zamani, kuanzia Kolwezi kuja huku kwetu. Nyingi inaondoka ikiwa unga uliofungwa kwenye mifuko mikubwa, inapita Kasumbalesa juu ya yale malori yanayotujazia vumbi, inashuka bandarini Durban au Dar es Salaam, na sehemu kubwa inaenda kusafishwa China. Jina lenyewe limetoka kwa wachimbaji wa zamani wa Ujerumani. Walikuwa wanakuta mawe yanayofanana na madini ya maana, wanayachoma, wanapata moshi wenye sumu na hakuna fedha. Wakasema ni kobold, shetani wa mgodini, amewachezea. Karne ya 18 mkemia wa Sweden, Georg Brandt, ndiye aliyeonyesha kwamba hamna shetani, mna metali ambayo haikuwa imejulikana. Unaona? Hata Wajerumani walikuwa na mama wakwe.

Sasa huyu muuzaji. Huyu hakosei, anauza.

Fungua kwa mawazo tu (kwa bisibisi usithubutu) betri moja ya volti 18. Utakuta seli za mviringo zimepangwa kama risasi, tano zimeunganishwa moja nyuma ya nyingine. Kila seli ikiwa kazini hutoa wastani wa volti 3.6. Tano mara 3.6 ni 18. Ikitoka kwenye chaja imeshiba, kila seli hufika volti 4 na kidogo. Tano mara 4 ni 20. Ni mbuzi yule yule, mmoja kapimwa kabla ya kunywa maji na mwingine baada ya kunywa. DeWalt, kwa mfano, Marekani wanaandika 20V Max, na Ulaya kitu hicho hicho wanaandika 18V. Ukimweleza muuzaji hivyo ataguna, kisha atashusha bei kidogo. Jaribu.

Namba ya kuuliza ni ile inayofuatwa na herufi Ah, ampea-saa. Hiyo ndiyo ukubwa wa tumbo. Betri ya 2 Ah ina seli tano, ni nyepesi, na kwa kazi yako ya juu ya ngazi, mikono ikiwa hewani siku nzima, mabega yako yataishukuru. Ya 4 au 5 Ah huwa na seli kumi, safu mbili za tano tano, na uzito wake utausikia kufikia saa sita mchana. Mimi ningekuwa wewe ningechukua ndogo mbili kuliko kubwa moja: moja inapanda ngazi, nyingine inakula umeme.

Na ukizidisha volti kwa ampea-saa unapata wati-saa, hesabu ambayo watu wenye ndugu Brussels lazima waijue. Betri ya lithiamu ya akiba haipandi ndege ndani ya sanduku la mizigo. Inabebwa mkononi, ncha zake zimefunikwa, na isizidi wati-saa 100 bila ruhusa ya shirika la ndege. Kumi na nane mara 5 ni 90: inapita. Shemeji akikwambia kwamba ametia tatu ndani ya valizi iliyokwenda chini, ujue hutaziona.

Kuna seli nyingine za kuchunga, zile zinazouzwa mezani pamoja na tochi na redio, zimeandikwa 9900 mAh kwa majivuno. Seli inayoitwa 18650, milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu, hata ikitoka kiwanda bora kabisa huishia kwenye 3500 na kidogo. Anayekuuzia 9900 amekuuzia karatasi. Ipime kiganjani: ya kweli ina gramu arobaini na kitu, ya uongo ni nyepesi kama ganda la karanga. Fundi wa simu akitaka kukufungulia betri iliyochoka akutilie hizo, mkatalie. Betri hufa kwa seli moja dhaifu kati ya tano, ni kweli, lakini kuchanganya wazee na vijana ndani ya kopo moja, tena kwa lehemu iliyochomwa juu ya seli, ni kualika moto nyumbani.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya hili. Kuchagua foreze ni kuchagua betri, na betri ni ndoa. Kila kampuni imechonga mdomo wake, ya Makita haiingii kwa Bosch, ya Bosch haiingii kwa Milwaukee. Siku unayolipa foreze ya kwanza umeshaolewa na ukoo mzima: msumeno utakaoununua mwakani, gerenda ya mwaka unaofuata, vyote vitataka betri ile ile, na hapo mashine tupu isiyo na betri itakugharimu kidogo kuliko seti kamili. Ulaya baadhi ya watengenezaji wameanza kukubaliana kutumia betri moja, na Metabo na wenzake walianza mwaka 2018, lakini mezani pale Likasi sijawahi kuuona ukarimu huo. Kwa hiyo kabla ya kutoa dola zako, zunguka kwanza. Uliza mafundi wa Panda, wa Kikula, wa Shituru: betri gani inapatikana hapa hapa bila kusubiri mtu atoke Lubumbashi au Dubai? Nani anauza chaja yake peke yake? Mchumba mzuri ambaye ndugu zake hawapatikani siku ya msiba, wa nini?

Muuzaji huyo huyo atakwambia pia kwamba foreze ya betri ilibuniwa na NASA. Wanalipenda sana hilo, ila si kweli. Black & Decker waliuza ya kwanza mwaka 1961, wakati Likasi bado inaitwa Jadotville, na Septemba ya mwaka huo huo wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa wamezingirwa hapa siku tano mpaka risasi zikawaishia. Mwezini foreze ilifika baadaye. Mwaka 1971, safari ya Apollo 15, David Scott alitoboa ardhi ya kule kwa mashine ya betri, ikagoma kushuka kina kilichotakiwa, na kuchomoa bomba la udongo kukawatesa yeye na mwenzake. Wewe unayetoboa zege la Wabelgiji utawaelewa.

Kaka yako nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye aliyekaribia ukweli, ila amechelewa miaka ishirini. Foreze zile za mwanzo, na za Makita zilizofuata, zilikaa miaka mingi na betri za nikeli na kadmiamu. Hizo zilikuwa na tabia: ukizizoesha kula nusu, zinasahau kwamba tumbo lilikuwa kubwa. Ndiyo maana mafundi wa rika la baba yetu waliziacha ziishe kabisa. Lithiamu ilikuja kivingine. Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991, na kwenye mashine za mafundi ikaanza kushika nafasi mwaka 2005, Milwaukee wakiwa miongoni mwa wa kwanza. Watu watatu walioijenga misingi yake walipewa Nobel ya kemia mwaka 2019, na mmoja wao, John Goodenough, alikuwa na miaka 97, naye alianza kuchezea kobalti kwenye betri akiwa na umri ambao wengine wanahesabu pensheni.

Lithiamu haina usahaulifu ule. Inachochukia ni njaa. Ukiibana mpaka ife kila siku unaizeesha, na ukiiacha tupu miezi mitatu ndani ya sanduku, chaja itaikataa kabisa kama mtu asiyeijua. Kwa sisi wa delestaji, wa mgao wa umeme, hii ni habari njema. Umeme ukirudi, hata kwa saa moja, chomeka, hata kama imebaki nusu. Mitambo ya umeme ya Mwadingusha inazungushwa na maji ya mto Lufira tangu mwaka 1930 na bado hatujui itatupa mwanga saa ngapi, kwa hiyo kula chakula unapokikuta. Ukienda likizo, iache nusu, mahali penye kivuli. Joto la Oktoba chini ya mabati linaiua kuliko kazi yenyewe, na ikitoka kazini ikiwa ya moto, iache ipoe ndipo uichaji. Usiitupe ndani ya mfuko wa misumari pia. Msumari mmoja ukigusa ncha mbili, cheche hiyo huizimi kwa kanga. Iliyovimba usiichome na takataka.

Nami nina aibu yangu. Binamu alinitumia seti nzima kutoka Texas, nikaichomeka jioni ile ile kwa furaha. Chaja ilitoa mlio mdogo, moshi, basi. Nyuma iliandikwa volti 120, ukuta wangu una 220, na mimi ninayejifanya yaya wa kila mtu sikuigeuza kuitazama. Foreze na betri zilikuwa salama, betri za Marekani na za Ulaya za kampuni moja mara nyingi ni zile zile. Chaja ndiyo yenye uraia. Nilikaa wiki sita na mashine nzuri iliyolala, nikisubiri ya volti 220 ipande kutoka Lubumbashi.

Basi geuza chaja usome mgongo wake kabla hujalipa. Na ule waya wako mrefu unaoulalamikia kurasa mbili, usiugawe bado. Chaja itauhitaji.